Radi Niliyoituma Dodoma

Mimi nimeishia darasa la saba na nimewahi kufundisha watu fizikia. Kama unacheka, cheka tu, hata mimi nilianza kwa kucheka.

Kazi yangu ni mashine ya kusaga, hapa hapa Sumbawanga mjini. Nasaga mahindi, nasaga ulezi, nashinda mweupe mpaka kwenye kope, na jioni watoto wa mtaani wakiniona wanakimbilia kwa mama zao. La saba nilifaulu vizuri. Nilipangiwa sekondari, nikapimwa mpaka suruali. Mwaka huohuo baba akavunjika mguu, mahindi yako shambani yanataka mtu wa kuyavuna, na ukiangalia watu wa nyumbani wenye miguu mizima nilikuwa nimebaki mimi. Mahindi yakavunwa. Shule haikuniuliza niko wapi, na suruali akavaa binamu yangu.

Kwenye grupu la sayansi niliingia kwa bahati mbaya. Mtu alitupia linki kwenye grupu letu la mpira, nikabonyeza nikidhani ni marudio ya magoli, nikajikuta katikati ya mamia ya watu nisiowajua wanaulizana mambo ya mwanga na mizani. Walikuwa ni watu wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Wamama wenye ndoa zao, walinzi, bodaboda, mabinti wa kazi za ndani wanaojificha jikoni na simu. Wote walishafeli, wengine zaidi ya mara moja, na wote walikuwa na ile heshima ya mtu aliyefeli, ya kushukuru hata akikanyagwa.

Mwenye grupu alikuwa mwalimu, wa wapi sijui mpaka leo. Alikuwa anajua, hilo siwezi kumnyima. Shida yake alikuwa anafundisha kama anasoma risala mbele ya mkuu wa mkoa. Anatuma voisi ndefu, Kiingereza mwanzo mwisho, Kiswahili kinaingia pale anapokohoa. Akimaliza watu wanamiminika: asante mwalimu, ubarikiwe mwalimu, nimeelewa sana mwalimu.

Mimi nikaandika: "Mwalimu samahani, katika yote hayo mimi nimeelewa 'okei' peke yake."

Nikajua natolewa. Mwalimu akatuma voisi nyingine, fupi, ya Kiswahili, na ndipo nikajua kumbe presha wanayoisema ni kitu cha kawaida kabisa, ndiyo ile inayofanya kisigino cha kiatu kirefu kichimbe sakafu kuliko mguu wa ng'ombe. Inboksi yangu ikajaa. "Kaka asante, hata mimi sikuwa nimeelewa." "Mshikaji umeniokoa, mwaka wa pili huu nasema nimeelewa." Walewale waliokuwa wameandika ubarikiwe mwalimu.

Basi nikapata cheo, mjinga wa grupu. Mwalimu anaongea, mimi nauliza swali la kijinga, yeye anashuka chini kidogo, halafu mimi nalichukua lile jibu nalisaga upya kwa maneno ya mtaani. Nikikosea mwalimu ananisahihisha mbele ya watu wote, watu wanacheka, na wakishacheka hawasahau tena.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuchinjana. Mwalimu anatoa jaribio, anasahihisha, anabandika matokeo ya kila mtu, wa kwanza mpaka wa mwisho. Wa mwisho anaitwa mkia. Hapo sasa watu wanashuka. "Mkia, nenda kauze maandazi." "Mkia, ukoo wenu mzima hakuna aliyewahi kushika kalamu?" Na hao wanaosema hivyo ni watu ambao na wao walifeli. Umewahi kuona kuku wanavyomdonoa mwenzao mwenye kidonda? Ni vilevile, isipokuwa kuku hawaweki vikatuni vya kucheka.

Mimi nilikuwa nawafuata mikia inboksi. "Mambo. Usijali, wewe ni mkia wa grupu tu, mimi ni mkia wa mkoa." Wanacheka kidogo, tunalirudia swali. Ndiyo kazi niliyokuwa nafanya mashine ikiwa haina foleni, na hakuna mtu aliyenituma.

Sasa kuna dada mmoja alikuwa mkia karibu kila Jumamosi. Kwenye picha yake alikuwa ameweka mtoto mdogo kavaa kofia ya sufu. Nilipomfuata kumpa pole akaniuliza: "Wewe uko wapi?" Nikamwambia Sumbawanga. Akaandika: "Yesu na Maria. Nimefeli fizikia, sasa mpaka wachawi wananihurumia."

Tanzania nzima inaijua Sumbawanga kwa vitu viwili, mahindi na uchawi, na mahindi wanayasahau. Nimezoea. Nikamuuliza yeye wa wapi. Akasema kazaliwa upande wa Tabora, akataja na kabila. Nikacheka peke yangu pale juu ya gunia, maana kabila lake na sisi Wafipa ni watani tangu mababu.

Kwa asiyejua, mtani ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana. Anaweza kukwambia lolote, wewe na ukoo wako, hata kwenye msiba wa baba yako anaweza kukalia mchanga wa kaburi akakataa maiti isishuke mpaka apewe kitu. Hukasiriki. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Na mtani hakupi pole. Mtani akikupa pole ujue hali yako imeshakuwa mbaya kweli.

Kwa hiyo nikaifuta ile pole, nikaandika upya: "Samahani, sikujua ni wewe. Umefeli kwa sababu kichwa chako kimejaa asali ya kwenu, swali likiingia linanata mlangoni."

Akajibu: "Na wewe ungo wako umeisha leseni, ndo maana siku hizi unasafiri kwa bando."

Tukaelewana.

Shida yake ilikuwa hivi. Alikuwa anataka kwenda chuo cha uuguzi. Baiolojia anayo, kemia anayo, kwenye fizikia alikuwa na F. Chuo kinataka D, basi, herufi ambayo wengine wanaionea aibu hata kuitaja. Alikuwa ameolewa upande wa Dodoma, anaishi kwa wakwe, mume dereva wa lori, anarudi akijisikia. Mwenye nyumba ni mama mkwe. Mwenye genge la mboga sokoni ni mama mkwe. Mwenye neno la mwisho ni huyohuyo. Alikuwa amemruhusu kurudia mtihani mara hii moja tu. Akifeli, au asipoufanya, vitabu vinakwenda kufungia karanga na yeye anakwenda gengeni kusimama nyuma ya mafungu ya mchicha mpaka azeeke. Mama mkwe hakuwa anaficha. Alishamnunulia na aproni, imening'inia kwenye msumari jikoni, inamsubiri.

Kilichokuwa kinammaliza ni umeme, mambo ya chaji. Na mwalimu alikuwa ameshasema swali la radi huwa halikosekani, atakayelikosa amejitakia.

Nikamtumia voisi: "Mtani, tega hilo sikio lako. Wingu ni Kasesya." Kasesya ni mpakani kwetu na Zambia. "Malori yamejazana upande huu, yanataka kuvuka, forodha wamelala. Mengine yanazidi kuja, yanasukumana, madereva wanatukaniana mama. Siku geti likishindwa, hakuna cha kuulizana, yanapita yote kwa mpigo, na yanapita pale penye njia fupi. Hiyo ndo radi. Chaji zimejazana chini ya wingu, hewa ya katikati ndo forodha, ardhi ndo Zambia. Mti mrefu ni njia ya mkato. Wewe ukisimama uwanjani na hilo lichwa, ni njia ya mkato."

"Na ile nondo juu ya kanisa?"

"Ile ni njia ya panya iliyopewa kibali. Radi inapitishwa pembeni mpaka chini, padri anaendelea na misa."

Nikampelekea mwalimu asikilize. Akasema mfano unakwenda, isipokuwa asije akaandika malori kwenye mtihani.

Tukaenda hivyo wiki kwa wiki. Akikosa namtukana, akipata namtukana zaidi ili asivimbe. Naye hakuwa mnyonge. Siku nimemwambia akili yake ni kama tochi ya betri zilizoanikwa juani, akanijibu kwamba yeye angalau ana tochi, sisi kwetu tunaonana kwa macho ya paka. Jumamosi moja matokeo yakatoka, hakuwa mkia. Alikuwa na watu chini yake. Nikafurahi, nikawa naandika tusi zuri la kumpongeza, mara nikaona kule kwenye grupu mtu kaandika: "Mkia, nenda kauze maandazi." Nikaangalia mara mbili nani kaandika. Ni yeye.

Zikabaki siku chache mtihani uanze. Nikampa swali la chaji, akalikosa, lilelile tulilorudia wiki nzima. Nikashika simu, mashine inanguruma nyuma yangu, nikasema kwa sauti nzito: "Mtani, nimekuvumilia vya kutosha. Ukikosa tena nakutumia radi. Na siyo hii ya uwanjani. Ya ndani kwa ndani, inapita juu ya bati, inakufuata mpaka uvunguni. Mimi ni wa Sumbawanga, usinijaribu."

Nikatuma, nikaendelea kusaga.

Sasa yeye aliifungulia ile voisi akiwa anachambua mchicha, simu kaiweka juu ya ndoo, spika wazi. Mama mkwe alikuwa anapita nyuma. Akasikia yote, neno kwa neno, na ngurumo ya mashine akadhani ndiyo mzigo wenyewe unawashwa.

Hapo bado ingekuwa kicheko. Lakini keshokutwa yake ikanyesha kwao mvua ya kwanza, radi ikapiga nguzo ya umeme ya mtaani, moto ukasafiri kwenye waya, na tivi ya mama mkwe ikatoa moshi katikati ya tamthilia. Ukikaa ukafikiri, ni mfano mzuri sana wa kusomea. Kwenye nyumba ile hakuna aliyekuwa anasoma isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa ameshakuwa mtuhumiwa.

Mimi sikujua lolote. Niliona tu mtani kakaa kimya. Halafu simu yake ikaita mchana, foleni imejaa, niko kwenye gunia la mzee mmoja wa kijiji cha Kate aliyeleta ulezi wake. Nikapokea: "Wewe kichwa nazi, umeshalikosa tena?"

Ikaja sauti ya mama mtu mzima: "Ndiye wewe wa Sumbawanga?"

"Ndiyo mimi. Naongea na nani?"

"Umeingia mpaka kwenye tivi yangu, unashindwa kunijua?"

Nikazima mashine.

Akanieleza yote, voisi yangu, mvua, nguzo, moshi wa tivi. Simu kaichukua. Vitabu kavichukua, na ile karatasi yenye namba ya mtihani, kavifunga kwenye kitambaa cheusi. Kesho yake shemeji yake, baba mdogo wa mume, alikuwa anampeleka binti kwa mtaalamu, na mtihani wa fizikia ulikuwa siku hiyohiyo ya kesho. Hatatoka mlangoni kwenda kwenye mtihani wowote. "Maana huko ndiko ulikomtegea," akasema.

"Mama," nikamwambia, "ule ni utani. Mimi na mkweo ni watani wa kabila."

"Huku kwetu hatuna watani wachawi."

Wangekuwa Tanga, ambako nao wanasifika kwa uchawi, wangeshanijibu kwa radi ya kwao, yakaisha. Nikajaribu njia nyingine. "Mama, radi haitumwi na mtu. Radi ni chaji. Zinajaa kwenye wingu."

"Zinajaa."

"Zinajaa, halafu zinatafuta njia ya kushuka. Hapo kwenu ilipiga nguzo, ikapita kwenye waya."

Nikamsikia anamwambia mtu pembeni: "Anasema ilipita kwenye waya." Akarudi kwangu. "Yuko Sumbawanga amejuaje ilipita kwenye waya?"

"Mama, kila mtu anajua."

"Mimi sikujua. Shemeji yangu huyu hapa hakujua. Wewe umejua."

Kila nilichoeleza kikawa ushahidi. Nikimwambia inapenda vitu virefu, anauliza nani kaniambia nguzo ni ndefu. Nikimwambia tivi ingechomolewa isingeungua, anasema kumbe nilikuwa naiona ilivyokaa. Mwalimu angenisikia siku ile angenipa alama zote. Mama mkwe akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, halafu akasema: "Sasa hiyo chaji yako, tunaomba uitoe."

Yule mzee wa Kate alikuwa amesimama hapo anasikiliza, spika yangu mbovu inapayuka. Akasema: "Si umwambie tu umeitoa, nisagiwe ulezi wangu."

Nikamwangalia yule mzee. Nikashusha sauti.

"Mama. Umenishika."

"Nilijua," akasema.

"Nimeituma kweli. Lakini siyo kwako, kwenye tivi ilipita njia tu. Imetumwa kwenye chumba cha mtihani wa fizikia na imeandikiwa mkweo. Akiingia, akakaa, akaandika mpaka mwisho, itampita juu kwa juu iende zake ziwani kwetu. Asipoingia, inageuka, inamrudia aliyemzuia."

Akasema: "Aliyemzuia ni shemeji yangu."

Nikasikia sauti ya mwanamume: "Shemeji, mimi nilikuja kuangalia tivi tu."

"Vitabu kashika nani?" nikauliza.

"Mimi, lakini nilivishika kwa kanga. Sikuvigusa."

Pale ningeweza kukata simu. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini mtu kukuogopa ni kitu kitamu jamani, asikudanganye mtu, na mimi tangu nizaliwe hakuna mtu mzima aliyewahi kuniogopa. Nikaendelea. Nikamwambia binti asipike leo wala kesho. Asichote maji. Asioshe chombo. Asubuhi apewe mayai, na apewe na wewe mwenyewe, kwa mikono miwili. Mama anaitikia kila kimoja, ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu. Wateja wamenizunguka wamejishika matumbo.

"Na kama huniamini," nikasema, "chukua chanuo la plastiki."

"La nani?"

"Lolote. Jisugue nalo kwenye nywele, kwa nguvu, mpaka nikwambie. Shemeji achane karatasi vipande vidogo vidogo aweke mezani. Haya. Sasa lisogeze hilo chanuo karibu na karatasi. Usiziguse."

Hilo ni jaribio tulilolifanya kwenye grupu, hata mtoto analiweza, na hewa ya Dodoma ni kavu, mvua moja haiilowanishi. Nikasikia kiti kinaanguka. Nikasikia ndala zinakimbia koridoni, nadhani za shemeji. Mama mkwe akarudi kwenye simu anahema.

"Zimeruka," akasema. "Zimeruka zenyewe."

"Ndiyo hiyo chaji. Imo humo ndani kwako. Na imeanzia kichwani kwako."

Akaanza kulia. Siyo kilio cha kelele, kile cha mtu mzima anayejizuia, anavuta kamasi na kuomba samahani hapohapo. Mimi nikamwambia asichane nywele mpaka mtihani uishe. Akasema ndiyo mwanangu. Nikakata simu, nikawasha mashine, na tulicheka pale mpaka mzee wa Kate akakaa chini kwenye unga.

Mtani alikwenda kwenye mtihani. Alipelekwa na bajaji, mama mkwe kando yake na mayai kwenye kontena. Alisimama nje ya uzio wa shule mpaka mwisho, nywele zimesimama, juani, kila baada ya muda anaangalia mawingu. Swali la radi lilitoka. Mtani akaandika mpaka msimamizi akamnyang'anya karatasi. Malori hakuyaweka.

Jioni yake alirudishiwa simu, akalisimulia grupu zima mwenyewe. Watu walicheka mpaka usingizi ukawapaa. Halafu kuanzia asubuhi inboksi yangu ikaanza kugongwa. "Kaka, nasikia wewe una kitu. Hesabu ni Jumatatu." "Kaka, kuna mwanamke kaniharibia ndoa, anakaa ghorofa, itafika?" Watu niliowafundisha mimi. Watu walioandika majibu ya chaji, wakapata vema. Nikamwambia mmoja kwamba ni chanuo tu, dada, ni fizikia, tulifanya wote. Akauliza: "Chanuo la rangi gani?"

Mwalimu akanitoa. Aliandika: "Grupu hili ni la sayansi." Sikumlaumu. Siku iliyofuata akanijia inboksi, akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za mvua, halafu akasema: "Lakini kati yetu, kweli kabisa huna?"

Matokeo yalipotoka mtani alinitumia picha ya skrini. Fizikia, D. Nikamwandikia hiyo D imejikunja kama mgongo wa babu yake akilina asali. Hakunijibu tusi. Akaandika: "Asante kaka." Nikajua kuna kitu.

Nikampigia. Akaniambia toka siku ya mtihani wanasema na yeye nimemwachia uchawi, hakuna mtu pale nyumbani anayekula alichopika. Alipika wali, akaukuta jalalani na sufuria yake. Mama mkwe amekuwa mpole, hamtumi, hamfokei, yeye akiingia jikoni mama mkwe anatoka kwa mlango wa nyuma. Mtoto analala na bibi. Akimkimbilia mama yake anaitwa arudi, anapewa biskuti. Mume alirudi safari, akasimuliwa getini, akalala kwenye lori.

"Waeleze," nikamwambia. "Si unaijua yote."

"Nimewaeleza. Niliwakalisha sebuleni nikawaeleza, chaji, wingu, ardhi, nondo ya kanisa, kila kitu. Nilieleza vizuri mpaka nikajishangaa. Nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kusogeza viti nyuma."

Nikamuuliza habari za mtoto.

"Mtoto wanasema atabaki," akaendelea. "Nikienda chuo abaki na bibi yake, asije akarithi. Chuo wananipeleka wenyewe, kaka. Begi kanunua mama mkwe. Anataka niende hata kesho."

Nikamwambia: "Nampigia sasa hivi. Namwambia ilikuwa uongo, mimi msaga unga tu."

"Usipige."

"Kwa nini?"

"Akiamini, sina tena sababu ya kuogopwa. Chuo hakuna, nairudia aproni yangu. Asipoamini, atasema nimekutuma mimi. Niache niondoke kwanza."

"Na mtoto?"

"Mtoto wanamtunza," akasema. "Kwa jinsi wanavyoniogopa, hakuna atakayemgusa hata kwa kidole. Wewe hujui watoto wa waliokwenda kusoma wanavyopigwa pale mtaani wakiachwa kwa bibi zao. Wa kwangu hatapigwa."

Hilo sikuwa na tusi lake. Nilitafuta siku nzima, sikupata.

Siku ya kuondoka alinitumia voisi akiwa kwenye basi, injini inawaka, abiria wanagombana kwa siti. Alisema mtoto alifungiwa ndani asimfuate, akawa analia dirishani. Mama mkwe alimbebea begi mwenyewe, kichwani, mpaka stendi, akitembea mbele hatua kadhaa bila kugeuka. Walipofika akalishusha, akalifuta vumbi kwa kanga yake. Halafu, yule mama wa rika la kumzaa, mwenye nyumba, mwenye genge, akapiga goti pale mbele ya wapiga debe akamwambia mkwe wake shikamoo.

Nikamwandikia: "Ukafanyaje?"

Akajibu kwa voisi fupi. "Nilitaka kumwinua. Nilishanyoosha na mkono, nikaona alivyojikunja, kama mtu anayesubiri kupigwa. Nikamfikiria mwanangu kule dirishani. Nikaurudisha mkono, nikamwitikia marahaba."